Mashua, Simu na Maji ya Bamvua

Kisa hiki msikitafutie mwenyewe. Ni cha kufunzana tu, kimetungwa kwa mambo ambayo kila mtu wa visiwani anayajua: upepo, maji, mbao, fundi, na pesa inayosafiri polepole kuliko ahadi. Mwenye kuufahamu mwambao wa kusini mwa Somalia, kuanzia Kismayo ukishuka Koyama, Chovai na Chula hadi Ras Kamboni mpakani, hatauliza kama kisa ni cha kweli. Atauliza ni cha mwaka gani, maana kila mwaka humfika mtu.

Mashua ilikuwa ya marehemu babu, na sasa ni ya ukoo mzima. Kusi ilipoanza kuichafua bahari, ilipandishwa pwani ya Koyama kwa maji ya bamvua ikawekwa juu ya magogo. Mbao nne za ubavu wa kulia zilikuwa zimeoza na taruma moja limepasuka. Wazee wakakaa kitako wakaamua itengenezwe kusi hiyohiyo, wakati bahari haiingiliki, ili ikitulia mwishoni mwa Septemba chombo kiwe tayari majini na kiwahi msimu wa kamba-mawe. Usimamizi akapewa kijana wa ukoo aliyeajiriwa katika duka la simu mjini Kismayo. Sababu yao ilikuwa njema: anajua kuandika, anajua kutuma pesa kwa simu kupitia EVC, hali mirungi, na akisema saa nne anafika saa nne.

Kijana akafungua programu ya orodha ya kazi kwenye simu yake, akaandika kila kitu. Kuagiza mbao. Kununua misumari, pamba ya kalafati, mafuta ya sifa, chokaa na shahamu ya deheni. Ami atume pesa kutoka Mombasa. Fundi afungue mbao mbovu. Kupiga mbao mpya. Kukalafati. Kupaka deheni. Kushona tanga. Injini ipelekwe kwa makanika. Kutafuta wavutaji na mbuzi wa kuwalisha. Kushua. Kila kazi akaipa tarehe yake, na kengele ya kumkumbusha. Kazi ya kushua akaiwekea tarehe ya mwezi mpevu wa mwisho wa Septemba, kwa sababu hilo hata mtoto wa Koyama analijua: chombo kilichopandishwa kwa maji ya bamvua hakifikiwi tena na maji mafu. Ni bamvua itakayokichukua, na bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu.

Orodha ikapendeza, akawaonyesha wenzake dukani. Wiki za mwanzo alitia alama ya vema bila kuchoka. Misumari, vema. Pamba, vema. Sifa ikapatikana kwa mvuvi wa papa, vema. Tanga likapelekwa kwa mshonaji, likarudi limekunjwa vizuri na nyuzi zake mpya zinang'aa, vema. Injini ikafunguliwa, ikasafishwa, ikafungwa. Ukimtazama ungesema mashua hii itakuwa majini kabla ya wakati.

Mbao ndizo zilizokuwa hazijaja. Ziliagizwa Mombasa zije na jahazi la mashine, na katikati ya kusi mwenye jahazi haombwi haraka. Kila akipigiwa alisema inshallah wiki ijayo, na wiki ijayo ikifika nayo ilikuwa na wiki ijayo yake. Kwenye simu, "kuagiza mbao" ilikuwa na alama ya vema tangu siku ya pili. Aliagiza kweli. Kuagiza na kupata akaviandika kwa mstari mmoja.

Kulikuwa na fundo jingine, na hili ndilo linalonichekesha mpaka leo. Ami alisema hatumi senti mpaka aone picha ya mbao mbovu zilizofunguliwa, asije akaambiwa nne kumbe ni mbili. Fundi akasema hagusi ubao mpaka apewe arubuni, kwa kuwa alishawahi kufungua mashua ya watu ikabaki wazi msimu mzima na jina lililoharibika likawa lake. Wote wawili wana haki. Kwenye orodha mistari hiyo miwili ilikaa mmoja juu ya mwingine, kila mmoja na tarehe yake, "Ami atume pesa" na "Fundi afungue mbao", na yote miwili ikageuka nyekundu. Kijana akafanya alilofundishwa na programu: akazisogeza mbele tarehe. Zikawa nyekundu tena. Akazisogeza tena. Karibu wiki mbili zilipita watu wawili wakingojana, na aliye katikati akibadilisha tarehe. Ufumbuzi ukatoka kwa mwenye duka la vyakula pale Kismayo, aliyesikiliza habari yote huku akipima sukari. Akasema: "Fundi mwambie arubuni yake iko kwangu. Ami akituma, atanilipa mimi." Jioni hiyo patasi ikaingia kwenye ubao wa kwanza.

Sasa tufike penyewe, kwenye kalafati.

Asiyewahi kuiona kazi hii aelewe kwanza inavyofanywa. Fundi husokota pamba kwa viganja, huilowesha mafuta, kisha huisukuma ndani ya mwanya baina ya ubao na ubao kwa patasi butu na nyundo. Huenda nayo kidogo kidogo, mlalo mzima wa chombo, akisikiliza. Mwanya ukiwa bado na njaa, mlio wa nyundo ni mzito. Ukishiba, mlio hupanda na patasi hugoma. Ni kazi ya siku kadhaa kwa mashua ya kiasi kile, na ina masharti mawili. La kwanza, mbao zote ziwe zimeshapigwa misumari, kwa sababu nyundo ya kupigilia ubao mpya hutikisa mataruma, na mataruma hutikisa mbao za jirani. La pili, isikae sana juani baada ya hapo. Mbao kavu hunywea, mianya hufunguka, na pamba iliyokuwa imebana hulegea. Ndiyo maana deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na shahamu unaopakwa tumboni mwa chombo, hupakwa mwisho kabisa, maji yakiwa karibu.

Mwanzoni mwa Septemba "kukalafati" ikawa nyekundu kwenye simu. Mbao bado. Fundi mwenyewe alikuwa ameitwa msibani Chula. Kijana akaona aibu kuitazama orodha, akawaambia wanafunzi wa fundi waanze ubavu wa kushoto na kila mwanya usiohusika na zile mbao nne. Nao vijana wa watu, wamekaa bure siku nyingi, wakafurahi kupata kazi. Wakakalafati vizuri tu. Akatia alama ya nusu, akapumua.

Mbao zikafika siku chache kabla ya mwezi mpevu. Fundi akarudi, akazipiga usiku na mchana, keekee na nyundo, mpaka mbao nne zikakaa. Kisha akazunguka chombo, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye mwanya mmoja wa kushoto, akavuta. Pamba ikatoka. Akavuta kwingine, ikatoka. Nusu ya kazi ya wanafunzi ilikuwa ya kurudiwa: palipotikiswa pametikisika, na palipokaa juani pamefunguka.

"Baba, hii ilikuwa imeshakwisha," kijana akasema, na akamwonyesha simu.

"Mwanangu," fundi akamjibu, "hiyo simu inajua leo ni tarehe ngapi. Haijui mbao ziko wapi."

Akakaa juu ya gogo akahesabu kwa vidole, akianzia mwisho. Maji yanataka chombo siku ile. Nyuma ya maji kuna deheni, siku moja. Nyuma ya deheni kuna kalafati, siku tano akisaidiwa. Nyuma ya kalafati kuna misumari ya mwisho, nayo ndiyo leo. Siku zikaisha kabla ya vidole. Maji makubwa yakaja usiku wa mwezi mpevu, yakalowesha mkuku, yakasimama hapo, yakarudi zake. Siku iliyofuata yalifika hapohapo, na baada ya hapo kila siku yalikuwa chini zaidi. Wakati huo mbuzi alikuwa ameshachinjwa, kwa sababu mbuzi naye alikuwa na tarehe yake. Wavutaji wakala wali, wakamshukuru Mungu, wakarudi nyumbani bila kushika kamba.

Ikabidi kungoja mwezi uandame, nusu mwezi mzima. Katika nusu mwezi ile bahari ilitulia, wenye vyombo vilivyo tayari wakatoka, na mnunuzi wa Kismayo mwenye barafu akazigawa pesa zake za awali kwa manahodha wengine. Pamba ilinunuliwa mara mbili. Mbuzi mara mbili.

Wengi wakisikia kisa hiki husema kijana alipotezwa na simu, angetumia kichwa kama wazee. Mimi sikubali. Kichwa cha fundi kilijua kila kitu, lakini kilikwenda msibani Chula na elimu yote ndani yake, bila kumwachia mtu hata neno moja la "kalafati isiguswe mpaka mbao zipigwe". Hapo fundi naye asisafishwe. Na kijana hakuwa mvivu. Alikuwa na bidii, na bidii yake ndiyo iliyowatuma wanafunzi kwenye mwanya kabla ya wakati. Kosa lilikuwa kwenye kile ambacho orodha iliandika na kile ambacho haikuandika. Iliandika lini. Haikuandika baada ya nini.

Jambo hili limewasumbua watu wakubwa kuliko sisi. Mwaka 1957 kampuni ya kemikali ya DuPont ya Marekani, ikishirikiana na Remington Rand waliokuwa na kompyuta za UNIVAC, ilianza kutafuta njia ya kupanga ujenzi na ukarabati wa viwanda vyake. Mwaka uliofuata Jeshi la Wanamaji la Marekani likabuni njia yake iitwayo PERT kwa mradi wa Polaris, makombora ya kurushwa kutoka kwenye nyambizi. Njia zote mbili zinachora kazi kwa mishale: hii ikiisha, ile inaanza. Ukishachora, unatafuta mnyororo mrefu kuliko yote kutoka mwanzo hadi mwisho. Mnyororo huo ndio unaoamua siku ya kumaliza. Kazi iliyo ndani yake ikichelewa siku moja, mradi wote umechelewa siku moja. Kazi iliyo nje yake ina nafasi ya kuchezea.

Pima orodha ya kijana kwa kipimo hicho. Tanga lingeshonwa Julai, Agosti au wiki ya mwisho, mashua isingechelewa hata saa moja. Injini vilevile. Misumari ilikuwa inauzwa kila siku. Hizo ndizo kazi alizozikimbilia, kwa sababu zilimalizika kirahisi na alama ya vema ni tamu. Mnyororo wenyewe ulikuwa pesa, arubuni, mbao, kuzipiga misumari, kalafati, deheni, maji. Katika huo aliufanyia kazi mstari mmoja tu, wa kuagiza, akautia vema, ukatoweka machoni.

Programu nyingi tulizonazo kwenye simu hazitusaidii hapa. Google Tasks na Microsoft To Do, za bure na zilizoenea, hukuruhusu kuipa kazi tarehe na kuiwekea kazi ndogondogo chini yake. Hazina mahali pa kusema hii isianze mpaka ile iishe. Watu hudhani kazi ndogo zilizopangwa chini ya kubwa zinatosha, lakini hizo zinasema tu ni za nyumba moja. Hazimzuii mtu kuanza na ya mwisho. Zipo zilizolijali jambo hili. OmniFocus, ya wenye vifaa vya Apple, hukuruhusu kuuweka mradi uwe wa mfuatano, kazi ya pili isihesabiwe kuwa iko tayari mpaka ya kwanza imalizike. Asana huunganisha kazi na kazi, na ya kwanza ikikamilika aliyekabidhiwa ya pili hupata taarifa. Huduma hiyo ni ya wanaolipia. Taskwarrior ni ya bure, ya watu waliozoea kuandika amri kwenye kompyuta, nayo naipenda kwa jambo moja: kazi iliyozuiwa huishusha uzito, na ile inayowazuia wenzake huipandisha juu. Na ukijaribu kuandika kwamba A inangoja B na B inangoja A, inakataa palepale. Ingelikuwa mkononi mwa kijana yule, kisa cha ami na fundi kingegunduliwa siku ya kwanza, na mwenye duka la vyakula angetafutwa mapema.

Lakini simwambii mtu anunue programu. Orodha yoyote, hata ya karatasi, inaweza kufanywa iseme ukweli ukikubali kuiandika kwa adabu kidogo. Anza mwisho, kama alivyofanya fundi juu ya gogo. Chukua kazi ya mwisho uiulize: inangoja nini? Jibu ukaliulize vivyo hivyo, mpaka ufike kwenye kazi isiyongoja kitu. Hiyo tu ndiyo ya leo. Zilizobaki zivue tarehe. Kazi inayongoja nyingine ikipewa tarehe yake peke yake, tarehe hiyo ni uongo unaokuja kukudai.

Badala ya tarehe, andika ndani ya jina la kazi kile inachongoja, kwa neno moja lisilobadilika. "Kukalafati, inangoja MBAO KUPIGWA." "Kushua, inangoja DEHENI na BAMVUA." Faida yake utaiona siku ya kutia vema. Watu wengi wakimaliza kazi huifuta wakaenda zao, na aliyekuwa akiingoja hajui. Wewe ukimaliza kupiga mbao, tafuta neno hilo kwenye orodha kabla hujaifunga simu. Kila kazi itakayojitokeza imefunguliwa, na sasa ndiyo inastahili tarehe.

Tenganisha pia kungoja na kungoja. Kuna kungoja kazi, ambayo unaweza kuisukuma mwenyewe. Kuna kungoja mtu, kama mwenye jahazi. Hapo tarehe unayoandika ni ya kumuuliza, wala si ya mbao kufika, na ukiuliza mara mbili ukapata jibu lilelile, tafuta jahazi jingine. Na kuna kungoja maji, ambayo hayaombwi wala hayaongwi. Tarehe ya namna hii ya tatu ndiyo ya kuiandika kwa wino, na zote nyingine zihesabiwe kurudi nyuma kutoka kwake. Kijana alizichanganya zote tatu kwenye rangi moja nyekundu.

Halafu kuna kazi zinazooza. Hili programu nyingi hazilijui kabisa: kwao kilichotiwa vema kimekwisha milele. Kalafati iliyowahi sana ni kazi bure. Bei uliyoulizia sokoni mwezi uliopita, cheti cha daktari chenye muda wake, saruji iliyokorogwa kabla mabomba ya maji hayajafungwa ukutani, zote ni za jamii hiyo. Kazi ya namna hii iandikie mpaka wa mbele na wa nyuma: isianze kabla ya hili, isikae zaidi ya siku hizi.

Wala usizidishe. Nimewaona watu wakishajifunza kuunganisha, huunganisha kila kitu na kila kitu, mpaka tanga linangoja injini na injini inangoja tanga na mtu amekaa kitako akisema mikono yake imefungwa. Kipimo changu ni kifupi. Nikiifanya kazi hii leo, kuna kitu kitaharibika? Kama hakuna, haingoji kitu. Ni mimi ninayengoja. Tanga lilishonwa mapema na halikuharibu jambo. Kosa la kijana halikuwa kulishona, ni kuhesabu kulishona kuwa ni kusogea.

Mashua ilishuka kwa bamvua ya mwezi kuandama, ikiwa na pamba mpya mianyani, na wavutaji walikuja wote kwa sababu walikumbuka wali wa mara ya kwanza. Msimu wa kamba-mawe haukuisha, ila kwa mashua hiyo ulipungua kwa nusu mwezi wake mzuri, na deni la mwenye duka lililipwa mwaka uliofuata.

Wewe msomaji usingoje kusi. Leo jioni fungua orodha yako, itafute ile kazi iliyosogezwa tarehe mara nyingi kuliko zote, uandike mbele yake jina la mtu au kitu inachokingojea. Ukiandika jina la mtu, mpigie kabla ya kulala. Ukikosa cha kuandika, ifanye kesho asubuhi.